Tangazo Nililolibandua Mlangoni

Nilikuwa nasonga ugali jikoni, yapata saa moja na nusu usiku, kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu kilipotangaza kwamba wameokotwa watoto wawili, wa kiume na wa kike, wote wamevaa sare za shule, mkubwa akiwa na begi la bluu lililofungwa kwa kamba ya katani kwa kuwa zipu yake imekufa, na kwamba mzazi au ndugu awafuate nyumbani kwa mjumbe. Tangazo lilirudiwa mara mbili. Begi lile nililijua. Saa tatu kabla ya hapo nilikuwa nimelitoa kwa mikono yangu katika kabati la mizigo, nikamkabidhi yule mvulana, kisha nikamwonyesha yeye na mdogo wake mlango.

Wakati huo nilikuwa mkutubi msaidizi katika sehemu ya watoto ya maktaba moja ya umma, pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Sitaitaja jina, kwa sababu wanaoihudumia leo hawahusiki na makosa nitakayoyaeleza, na kwa sababu kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu. Mlangoni mwetu palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa ikisema kwamba watoto walio chini ya miaka 8 wasioambatana na mtu mzima hawaruhusiwi kuingia, na kwamba maktaba haitawajibika kwa usalama wa mtoto aliyeachwa peke yake. Mvulana alikuwa na miaka tisa, anasoma darasa la tatu. Dada yake alikuwa na miaka sita, yuko darasa la awali. Kwa siku nne mfululizo walikuwa wakija mchana na kukaa hadi jioni. Siku ya nne nikawasomea karatasi ile neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu, nikawaambia warudi na mama yao.

Sikufanya hivyo kwa ukatili. Alasiri ile nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini na mimi peke yangu, mwenzangu akiwa ameitwa kaunta ya watu wazima. Mmoja alikuwa amemwaga maji juu ya vitabu, wawili walikuwa wanapigania kiti, na msimamizi wangu alikuwa amepita asubuhi akinikumbusha kwamba maktaba si chekechea. Kutekeleza kanuni iliyokwisha kuandikwa kulinipa nafuu ya dakika chache, na nafuu ile niliiona wakati ule kuwa ni utaratibu.

Lazima nieleze ni kwa nini watoto walikuwa wengi kiasi hicho. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Dodoma mjini kuwa na watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 ilikuta watu 765,179. Katikati ya hesabu hizo mbili Serikali ilihamishia makao yake hapa kuanzia mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Takwimu hizo husomwa sana katika hotuba za viwanja na barabara, lakini sisi tuliziona kwa umbo la mtoto aliyekaa juu ya ngazi za maktaba saa saba mchana akisubiri tufungue. Watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam waliwaacha huko mabibi na mashangazi waliokuwa wakiwapokea watoto wakitoka shule. Wachuuzi waliofuata soko kutoka Kondoa, Mpwapwa, Bahi na hata Singida walipanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji wasiojuana. Mtoto wa awali hutoka shuleni kabla ya adhuhuri, mama anafunga meza sokoni magharibi, na baina ya saa hizo mbili hakuna mtu. Mzazi wa namna hiyo akiona mahali pana paa, mlinzi getini, feni ya dari na watu wanaonong'ona, huamini kwamba amepata mahali salama pa kumweka mwanawe.

Ukimya ndio unaomdanganya. Shule ina daftari la mahudhurio na mwalimu anayejua nani hayupo. Hata sokoni, mama wa meza ya jirani humjua mtoto wa mwenzake. Maktaba ya umma haina lolote kati ya hayo, na haina kwa makusudi, maana sifa yake kuu ni kwamba mtu yeyote anaweza kuingia, akakaa mpaka jioni, na asiulizwe ametoka wapi wala anataka nini. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, la mwaka 1994 na lile lililohuishwa mwaka 2022, linasema huduma hizo ni za watu wote bila kujali umri wao, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini hivyo kwa moyo wote. Lakini mlango usiomuuliza mtoto swali haumuulizi swali mtu mwingine yeyote pia. Ilinichukua muda mrefu kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja bila kuliacha moja lianguke.

Nyumbani kwa mjumbe niliwakuta wamekaa mkekani wamekwisha kula. Walikuwa wamekwenda sokoni kumtafuta mama yao, wakamkosa kwa sababu alikuwa amekwenda stendi kupokea mzigo, kisha mvulana akajaribu kumwongoza dada yake nyumbani kwa njia aliyoikumbuka, nayo njia ile jioni haikufanana na ile ya asubuhi. Dereva wa bajaji aliyekuwa na abiria mwanamama aliwaona karibu na karavati, msichana analia, na wote wawili wakakubaliana kuwafikisha kwa mjumbe kabla ya safari yao. Namshukuru dereva yule hadi leo ingawa sikuwahi kumwona.

Mama yao aliingia muda mfupi baada yangu, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani, vidole vyake bado vina unga wa ubuyu. Alikuwa akiuza ubuyu na mlenda mkavu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani ningependa kutukanwa. Aliwagusa watoto wake kwanza, kichwa kwa kichwa, ndipo akanigeukia.

"Dada, kwa hiyo ulijua kwamba wako peke yao?"

"Nilijua."

"Basi ungewazuia pale pale, mimi nikaja tukagombana mimi na wewe. Hilo la kuwatoa ndilo sijalielewa."

Sikuwa na jibu, na mjumbe, mzee wa makamo ambaye muda wote alikuwa akiandika katika daftari lake la kaunta, aliniuliza jina na kazi yangu ili aniandike kuwa shahidi. Niliposema mkutubi alisimamisha kalamu, akanitazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Siku zilizofuata nilianza kuichunguza asili ya karatasi ile ya mlangoni. Msimamizi wangu alinieleza kwamba mtangulizi wake aliinakili katika intaneti, kutoka kwa maktaba moja ya Marekani, na kwamba kila aliyefuata aliiona ikiwa imebandikwa akaiacha. Nikatafuta taratibu za maktaba za huko na kuzisoma kwa utulivu. Ni kweli kwamba nyingi zimeweka umri ambao chini yake mtoto haachwi peke yake, na kila maktaba hujipangia umri wake. Lakini chini ya sentensi hiyo huwa pana maelezo mengine: kwamba mtoto akikutwa peke yake mzazi hutafutwa, kwamba saa ya kufunga ikifika na hajafuatwa wafanyakazi wawili hubaki naye, kwamba baada ya muda uliopangwa polisi huarifiwa, na kwamba mfanyakazi haruhusiwi kumpakia mtoto katika gari lake na kumpeleka nyumbani. Sisi tulikuwa tumenakili sentensi ya kwanza, ile inayomkinga mwenye jengo, tukaziacha zote zinazomkinga mtoto.

Msimamizi hakukubali upesi, na sitamfanya kuwa mtu mbaya katika simulizi hii. Hofu yake ilikuwa na msingi. Alisema tukiiondoa karatasi, habari itaenea mitaani na tutapokea watoto mia, wafanyakazi ni wanne, na siku mmoja akivunjika mkono lawama itakuwa yetu. Nilimjibu kwamba watoto tayari wapo, na kwamba karatasi haimpunguzi hata mmoja. Inachofanya ni kumhamisha kutoka mahali tunapomwona hadi mahali tusipomwona. Tulibishana karibu wiki tatu. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba mzazi wa kila mtoto mdogo aje aonane nasi ana kwa ana walau mara moja, atuachie namba ya simu, na ajue kwamba hatumlei mtoto bali tunamwangalia akiwa ndani. Jumatatu moja asubuhi niliibandua karatasi kwa kisu cha jikoni. Alama nne za gundi zilibaki katika mbao za mlango na hazikutoka kwa sabuni wala kwa petroli.

Kuondoa tangazo hakukutufundisha kuhesabu. Jambo hilo tulifundishwa na umeme. Ilikuwa mwezi Machi, mawingu yametanda tangu alasiri, na saa kumi na moja na nusu umeme ukakatika mara moja na giza likaingia ndani kana kwamba mtu amefunika jengo kwa turubai. Watoto walipiga kelele za furaha. Niliwasha tochi ya simu, nikawaambia wakae sakafuni palepale walipo, nikahesabu ishirini na watatu. Mwenzangu akahesabu ishirini na mmoja. Nikarudia nikapata ishirini na wanne. Ndipo ikanijia kwamba hata kama tungeafikiana hesabu, tusingejua kama ni sahihi, kwa kuwa hapakuwa na mahali popote palipoandikwa ni wangapi walioingia. Wa ishirini na nne alikuwa amelala chini ya meza. Kwa dakika zile, hata hivyo, kama mmoja angekuwa nje katika mvua iliyoanza kunyesha, hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba anapaswa kutafutwa.

Tulianza na daftari. Kila mtoto aliandika jina, shule, saa ya kuingia, namba ya mzazi na jina la mtu anayekuja kumchukua. Tulijisifu sana, na daftari likakaa wazi juu ya kaunta kwa muda wa mwezi mzima, hadi siku kijana mmoja, mtu mzima kabisa, alipomwita binti wa miaka kumi na moja kwa majina yake mawili na kumtajia shule yake kana kwamba wanafahamiana. Binti aliitika kwa adabu, akasogea. Kijana yule alikuwa ameyasoma majina hayo kaunta wakati akisubiri kuhudumiwa. Hakuna lililotokea, maana mwenzangu alikuwa karibu akauliza shida yake ni nini, lakini kuanzia siku hiyo daftari likakaa ndani ya mtoto wa meza, tukiandika wenyewe, na jina la mtoto halikuitwa tena kwa sauti mbele ya watu.

Kuhusu kuhesabu, dawa ilikuwa pale pale siku zote na hatukuiona. Kabati letu la mizigo lilikuwa na vibati vyenye namba. Mtoto akiacha begi anapewa kibati, akitoka anakirudisha. Tulichofanya ni kumpa kibati kila mtoto hata asiye na begi, na kuvitundika vilivyobaki katika ubao wenye misumari sitini. Msumari ulio mtupu ni mtoto aliye ndani. Kwa kuutupia jicho ubao ule nilijua tuna wangapi, na saa ya kufunga ikifika haikuwa lazima nimkumbuke kila mmoja, kwa kuwa msumari mtupu ulinikumbusha wenyewe. Sijui kifaa chochote cha gharama ambacho kingetusaidia zaidi ya vibati vile vilivyokatwa kwenye debe la mafuta.

Rafu nazo zilikuwa na habari zake. Nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba ngano na hadithi za mapokeo huwekwa namba 398.2 katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, nami niliziweka huko kwa uaminifu, bila kuangalia kwamba kwa mpangilio wetu namba hiyo iliangukia kona ya mwisho kabisa, nyuma ya rafu ndefu mbili, mahali ambapo kutoka kaunta hapaonekani. Kwa hiyo vitabu vinavyopendwa zaidi na watoto wadogo vilikuwa mahali pasipoonekana zaidi. Tulibadili kila kitu katika siku mbili za Pasaka. Rafu ndefu zilisogezwa ukutani na kufungwa kwa vyuma, jambo ambalo lilitakiwa kufanywa zamani, kwa sababu watoto hupanda rafu kama wanavyopanda mbuyu. Zile fupi zikakaa katikati, na nilipoketi katika kiti changu niliweza kuona, kama si nyuso, basi miguu yote.

Choo kilikuwa nje, nyuma ya jengo, hatua zipatazo thelathini, na wapita njia walikuwa wamezoea kukitumia. Tulitenga tundu moja kwa watoto, tukaliwekea kufuli lake, na ufunguo tukaufunga katika kipande cha mbao kikubwa kama mwiko ili usipotee. Walikwenda wawili wawili, mmoja akisubiri mlangoni, na ufunguo ukichelewa kurudi mmoja wetu alitoka kuangalia. Hilo halina zaidi.

Lililonisumbua kuliko yote halikuhusu majengo. Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, msafi, mpole, aliyekuja karibu kila alasiri na kuwasaidia watoto hesabu. Walimwita babu. Alikuwa anafundisha vizuri kuliko baadhi ya walimu niliowafahamu, na sisi tulifurahi kwa kuwa alitupunguzia kazi. Baada ya muda nikaona kwamba anakuja na peremende, kwamba anapenda kuketi na mvulana mmoja peke yake katika meza ya pembeni, na siku moja nikamsikia akimwambia mvulana huyo amsindikize nyumbani akachukue kitabu. Hapakuwa na kosa katika lolote kati ya hayo. Babu yeyote humpa mjukuu peremende. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambamo karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono walau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti ule ulifanyika katika nchi yenye adabu hizihizi za kwetu, ambako mtoto hufundishwa kumwamkia kila aliyemzidi umri, kumpokea mzigo na kutomkatalia anapomtuma, na ambako mtu mzima haulizwi.

Kumwuliza mzee yule nia yake kungekuwa tusi, na kama hana hatia, tusi lisilosameheka. Kunyamaza kungekuwa kumfanya mtoto alipe gharama ya heshima yangu kwa mkubwa. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, kisha tukaamua kuweka kanuni inayomhusu kila mtu, sisi wafanyakazi tukiwa wa kwanza: mafunzo yote hufanyika katika meza kubwa ya katikati, zawadi yoyote kwa watoto hupitia kaunta ikagawiwa wote, na mtoto hatoki na mtu ambaye hakuandikwa na mzazi. Nilikwenda kumweleza mwenyewe kabla ya kuibandika.

"Shikamoo mzee. Tuna utaratibu mpya, nimeona nikuambie wewe kwanza maana watoto wanakusikiliza."

Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kitabu chake, akaondoka bila kuaga. Hakuonekana kwa majuma mawili na watoto waliniuliza nimemfanya nini babu. Kisha akarudi, akaketi meza ya katikati, akafundisha hapo hapo kwa karibu mwaka mzima mpaka alipohamia kijijini kwao upande wa Kongwa. Sikumtuhumu wakati ule na simtuhumu sasa. Ninachoshukuru ni kwamba kanuni haikunitaka nimtuhumu mtu ndipo imlinde mtoto.

Kanuni hiyohiyo ilipimwa siku nyingine kwa namna iliyo wazi zaidi. Mwanamume mmoja alifika akisema ametumwa na mama wa msichana wa darasa la pili aje amchukue, kwa kuwa mama amechelewa. Mwenzangu, ambaye alikuwa bado mgeni katika kazi, alimwita mtoto na kumwuliza kama anamfahamu, na mtoto akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimejifunza kwa kuchelewa kwamba swali la namna hiyo ni bure, maana mtoto mwenye adabu akiulizwa na mtu mzima mbele ya mtu mzima kama anamjua, atasema ndiyo. Nikamwuliza, "Anaitwa nani? Anakaa wapi?" Hakujua jina wala makazi. Nikachukua simu nimpigie mama, na yule bwana akasema hapana haja, angerudi baadaye. Hakurudi. Mama alipofika alisema hakumtuma mtu.

Tulitoa taarifa siku hiyohiyo kwa serikali ya mtaa na katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inampa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kabla ya hapo nilidhani wajibu huo ni wa wazazi, walimu na polisi. Pale palipokuwa na alama nne za gundi tulibandika tangazo la namba 116, ambayo mtoto au mtu mwingine anaweza kuipiga bila malipo akiwa na shida ya usalama wa mtoto, tukaliweka chini kiasi cha macho ya mtoto wa darasa la kwanza. Watu wazima walilalamika kwamba hawalioni.

Kuhusu jioni, tulifuata lile tulilolisoma, kwa kadiri ya uwezo wetu. Mtoto asiyefuatwa saa kumi na mbili hakai na mtu mmoja. Tunabaki wawili, taa ya barazani inawashwa, simu zinapigwa, na ikipita nusu saa tunamwita mwenyekiti wa mtaa. Hatumpeleki mtoto nyumbani sisi wenyewe. Niliivunja kanuni hii mara moja, mvua ya Februari ikinyesha, nikampeleka mtoto kwao kwa bajaji, nikakuta mlango umefungwa na mama yake akiwa ameshafika maktabani anapiga kelele. Tulipishana njiani. Saa hizo za ziada hazikulipwa, na nauli ya usiku ni kubwa kuliko ya mchana. Mwenzangu mmoja aliacha kazi kwa ajili hiyo na sikumlaumu. Kulinda watoto wa watu kwa nia njema ya wafanyakazi peke yake ni kukopa kwa mtu asiye na akiba, na wanaopanga bajeti za maktaba hulikumbuka jengo na vitabu kabla ya kumkumbuka mtu wa pili wa zamu ya jioni.

Mama wa mlenda alikuwa miongoni mwa wachelewaji wakubwa. Alikuja saa kumi na mbili na robo, wakati mwingine na nusu, akitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kutoka getini kabla hatujamwona uso, na hakuwahi kutukumbusha usiku ule hata mara moja. Kuna siku alitugombeza kwamba binti yake hajamaliza kazi ya hesabu wakati saa zote amekuwa maktabani. Msimamizi alinitazama. Nikamwambia mama atuwie radhi.

Wapo ambao hakuna utaratibu wetu uliowafaa. Mvulana mmoja wa miaka kumi, aliyeishi na kaka yake dereva wa malori huku kaka akiwa safarini siku tatu au nne za juma, alinijibu, nilipomwuliza nani anakuja kumchukua ili nijaze daftari, "Mimi." Nikadhani hakunisikia, nikarudia. "Mimi mwenyewe, Mama Maktaba." Namba ya kaka ilikuwa haipatikani njia nzima. Tulikwenda na mjumbe kuona anakolala, afisa ustawi wa jamii akaandikiwa, jirani mmoja akakubali kumpa chakula cha usiku, na ahadi hiyo ikawa na siku zake nzuri na siku zake mbaya. Katika daftari niliandika kama alivyosema. Kila siku saa kumi na mbili kasoro robo, jua likiwa bado juu ya paa, tulimtoa pamoja na ndugu wawili wanaoelekea upande wa Chang'ombe, wakashikana mikono kuvuka barabara, nami nikasimama getini mpaka wapinde kona ya kwenye mashine ya kusaga. Alipenda kibati namba 14 na watoto wengine walimwachia. Kesho yake, watoto wa awali na wa darasa la kwanza wakishaingia, nilikuwa na tabia ya kuutazama msumari ule kabla sijavuta kiti kuketi.